Uhalisia wa nani? Neno la Kijerumani kwenye meza za Juba

Ijumaa jioni, tarehe 8 Julai 2016, Rais Salva Kiir na Makamu wa Kwanza wa Rais Riek Machar walikuwa pamoja ndani ya ikulu ya Juba, inayojulikana mjini kama J1, wakisubiri kuzungumza na waandishi wa habari. Risasi zikaanza kulia nje. Walinzi wa wakubwa hao wawili walikuwa wakiuana mlangoni pao. Kesho yake Sudan Kusini ilitimiza miaka mitano ya uhuru bila sherehe, na katika siku mbili zilizofuata mapigano yakaenea hadi mitaa ya Jebel na Gudele, vifaru na helikopta za kivita zikitumika katikati ya makazi ya watu. Mamia walikufa. Machar akaondoka na wapiganaji wake, wakapenya msituni kwa miguu hadi Kongo. Alikuwa amerejea Juba tarehe 26 Aprili. Mapatano ya amani ya 2015 yaliyomrudisha yalidumu mjini wiki kumi.

Waliosuka mapatano hayo hawakuwa wageni wa siasa za eneo hili. Hoja yao ilieleweka na kila mtu: mwenye bunduki asipopewa kiti atapiga risasi, basi apewe kiti kwanza. Haki itafuata, katiba itafuata, uchaguzi utafuata. Katika uchambuzi wa siasa za kimataifa hoja ya namna hii ina jina lake, nalo ni la Kijerumani: Realpolitik. Hutamkwa kwa sauti ya mtu aliyeona mengi, na mara nyingi kazi yake ni kumnyamazisha anayeuliza habari za mahakama, za waliouawa au za kura. Anaambiwa aache ndoto, aangalie hali ilivyo.

Neno hilo linastahili kuchunguzwa upya, kwa sababu aliyelitunga alimaanisha jambo jingine kabisa. Pengo kati ya maana yake na maana ya leo limewagharimu sana watu wa Juba.

Kiswahili kina mazoea ya zamani na maneno ya Kijerumani. Shule ni neno la Kijerumani, Schule, lililoachwa na watawala wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hela inatokana na Heller, sarafu ndogo ya koloni hilo, ambazo 100 zilikuwa sawa na rupia moja. Maneno haya mawili yaliingia kupitia darasani na sokoni, yakakaa, na leo hata huko Juba yanasikika. Wafanyabiashara wa Kenya na Uganda wanaouza bidhaa zilizopanda barabara ya Nimule huyatumia. Vijana waliokulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma walirudi nyumbani nayo mdomoni. Sudan Kusini ilipotia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, jijini Dar es Salaam mnamo 15 Aprili 2016, Kiswahili kikapata sababu nyingine ya kuwa na makazi kando ya Nile Nyeupe.

Realpolitik haikupita njia ya darasani wala ya sokoni. Imeshuka kutoka vyuo vikuu, wizara za mambo ya nje na kurasa za uchambuzi. Wapo wanaoitafsiri "siasa za uhalisia" na wapo wanaosema "siasa za mabavu". Tafsiri hizo mbili hazifanani hata kidogo, na anayetaka kujua ipi ni ya kweli hana budi kurudi kwa mwenye neno.

Mwenye neno ni August Ludwig von Rochau. Alizaliwa mwaka 1810 katika mji wa Wolfenbüttel, na alianza maisha yake ya siasa kwa kitendo ambacho hakuna mwenye kukokotoa angekifanya. Aprili 1833, yeye na kundi dogo lililojaa wanafunzi walivamia vituo vya walinzi mjini Frankfurt, wakiamini kwamba mlio wa kwanza wa bunduki ungeamsha umma wa Wajerumani wote dhidi ya wafalme wao. Umma haukuamka. Rochau alikamatwa, akahukumiwa kifungo cha maisha, akatoroka, akaishi uhamishoni Ufaransa akijipatia riziki kwa uandishi wa habari.

Mwaka 1848 mapinduzi yalipolipuka katika miji mingi ya Ulaya alirudi kwao. Wawakilishi wa Wajerumani walikutana katika kanisa la Mtakatifu Paulo, Frankfurt, wakajadili kwa miezi mingi haki za raia na katiba ya taifa moja. Walikuwa na wasomi, mawakili na maprofesa. Hawakuwa na jeshi. Walipompelekea mfalme wa Prussia taji la Ujerumani iliyoungana, mwaka 1849, alilikataa. Muda mfupi baadaye askari wakamaliza shughuli yote.

Kutokana na maumivu hayo Rochau aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1853, ambacho jina lake lina maana ya misingi ya Realpolitik. Alikiandika akiwa mwanamageuzi aliyeshindwa mara mbili na ambaye bado alitaka katiba, umoja wa taifa na uhuru wa raia. Swali lake lilikuwa: kwa nini tulishindwa, na tufanye nini ili tusishindwe tena? Jibu lake la kwanza lilikuwa kali. Nguvu ndiyo inayotawala katika dola kama uzito unavyotawala vitu vinavyoanguka. Hoja nzuri pekee haiangushi ngome. Kanuni ikiwa nzuri kiasi gani, isipobebwa na nguvu itabaki karatasi.

Wengi huishia hapo, wakafunga kitabu. Rochau hakuishia hapo. Aliuliza nguvu ni nini, na orodha yake ilikuwa pana kuliko ya majenerali. Jeshi limo. Mali pia imo, na elimu, na idadi ya watu, na umoja wao, na maoni ya umma, na hata imani iliyokaa mioyoni mwa wengi kwa muda mrefu. Wazo likishashikwa na watu wengi, alisema, hilo si ndoto tena, ni nguvu kama nguvu nyingine, na mtawala asiyelihesabu anajidanganya. Dola inayoacha nje nguvu hai ya jamii inajidhoofisha yenyewe, kwa sababu nguvu isiyopewa nafasi ndani ya katiba itatafuta njia nje yake.

Kwa maana hiyo, mtu wa Realpolitik ni yule anayehesabu nguvu zote. Anayehesabu bunduki peke yake amefanya hesabu nusu.

Kilicholipata neno baada ya hapo kinajulikana. Otto von Bismarck aliiunganisha Ujerumani kwa vita vitatu, vya 1864, 1866 na 1870 hadi 1871, na waliomshangilia wakalichukua neno la Rochau wakamvisha yeye. Likaanza kumaanisha ujanja wa mkubwa, ubaridi wa moyo, mapatano ya siri na risasi kwa wakati wake. Rochau mwenyewe alichaguliwa kuingia katika bunge la kwanza la Dola ya Ujerumani mwaka 1871, akafariki mwaka 1873. Neno likabaki bila mzazi wa kulitetea. Lilipovuka kwenda Uingereza na Marekani, lilivuka na sura hiyo ya pili.

Afrika Mashariki iliionja sura hiyo mapema, na Juba ilikuwa karibu na meza. Kaskazini kidogo ya Juba ya leo, kwenye ukingo wa magharibi wa mto, ndipo palipokuwa Lado, makao ya jimbo la Ikweta chini ya utawala wa Misri. Gavana wake kuanzia mwaka 1878 alikuwa daktari Mjerumani, Eduard Schnitzer, aliyejulikana kwa jina la Emin Pasha. Vita vya Mahdi vilipomkatia njia ya kaskazini, Henry Morton Stanley alikwenda kumtoa na kumfikisha Bagamoyo Desemba 1889. Mwaka uliofuata Emin aliitumikia Ujerumani na kuanzisha kituo cha Bukoba. Wakati huohuo Mjerumani mwingine, Carl Peters, aliyedai kwenda kumwokoa Emin, alifika Buganda akamtilisha Kabaka Mwanga saini ya mkataba.

Mkataba huo haukufika mbali. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilikubaliana kwamba Uingereza iwe mlinzi wa Zanzibar na ipate Uganda na njia ya kuelekea chemchemi za Nile, nayo Ujerumani ipate kisiwa cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini. Sultani hakuwa na sauti katika hesabu hiyo, wala Kabaka, wala Wabari wa kando ya Nile. Wakati ule walioiona kuwa siasa ya watu wazima walikuwa wengi.

Miaka 15 baadaye hesabu ya aina hiyo ilifeli vibaya kusini mwa Tanganyika. Watawala wa Kijerumani walihesabu bunduki zao, askari wao na mashamba ya pamba ya kulazimishwa, wakaona wenyeji ni makabila madogo yasiyo na silaha wala umoja. Hawakuhesabu uchungu wa wakulima wa Umatumbi, wala imani ya maji yanayozuia risasi iliyoenea kutoka kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 viliwaunganisha watu ambao kwa mujibu wa daftari la serikali wasingeweza kuungana. Maji hayakuzuia risasi, na Wajerumani walishinda kwa kuchoma vyakula na kuacha njaa iue. Lakini koloni lilitikisika kiasi kwamba Berlin ikabadili gavana na kulegeza mfumo. Rochau angekuwa hai angesema kwamba waliojiita watu wa uhalisia ndio walioshindwa kuuona uhalisia.

Sasa turudi Juba na hesabu zake.

Juni 1947, mjini humohumo, Katibu wa Utawala wa Sudan, James Robertson, aliitisha mkutano wa siku mbili kati ya wajumbe wa Kusini na wa Kaskazini. Kilichoamuliwa baada yake kilikuwa Kusini kuingizwa katika Sudan moja, na watu wa Kusini hawakupigiwa kura juu ya jambo hilo. Agosti 1955, kabla hata bendera ya Sudan huru haijapanda, askari wa Kusini mjini Torit waliasi. Mwaka 1972 Rais Jaafar Nimeiri wa Sudan na kiongozi wa waasi wa Kusini, Joseph Lagu, walifunga vita vya kwanza kwa Mapatano ya Addis Ababa, na mwaka 1983 Nimeiri huyohuyo akayafuta kwa amri. Abel Alier, mwanasheria wa Kusini aliyeshiriki kuyajenga, aliandika kitabu mwaka 1990 kuhusu wingi wa mapatano yaliyovunjiwa heshima. Jina la kitabu hicho limekuwa kama msemo wa kisiasa wa Sudan Kusini.

Mapatano Kamili ya Amani ya tarehe 9 Januari 2005, yaliyotiwa saini jijini Nairobi baada ya upatanishi mrefu wa Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, yalikuwa na kitu kimoja muhimu: ahadi ya kura kwa raia wote wa Kusini. Viti viligawanywa pia, na mafuta yaligawanywa. Lakini mwisho wa njia kulikuwa na sanduku la kura, na Januari 2011 asilimia 98.83 ya waliopiga kura walichagua kujitenga. Ni nadra katika historia ya dunia wazo lililoshikwa na watu wengi kujionyesha kuwa nguvu kwa uwazi namna ile.

Ndani ya Kusini kwenyewe, mambo yaliendeshwa kwa hesabu nyingine. Januari 2006, kwa Azimio la Juba, Salva Kiir alimkaribisha Paulino Matip na majeshi yake yaliyokuwa yakisaidiwa na Khartoum, wakaingizwa katika SPLA, jeshi la Kusini, kwa vyeo na mishahara. Azimio hilo lisibezwe. Bila hilo huenda Wasudan Kusini wangepigana wenyewe kwa wenyewe kabla ya kura ya maoni. Tatizo lilikuwa kwamba njia hiyo ikageuka kuwa mfumo. Kila kamanda aliyeasi alijifunza kwamba uasi una bei, na kila msamaha ulikuja na vyeo vipya.

Alex de Waal, mtafiti aliyeshughulika na eneo hili kwa miongo kadhaa, aliuita mfumo huo soko la kisiasa, ambamo utii hununuliwa na kuuzwa. Kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu siasa za Pembe ya Afrika kina neno "halisi" katika jina lake. Hoja yake juu ya Juba ni ya kihasibu: soko hilo lilitegemea fedha za mafuta, na Januari 2012 serikali iliposimamisha uzalishaji kwa sababu ya mgogoro na Khartoum, mnunuzi mkuu alibaki na mkoba mtupu huku wauzaji wakibaki na bunduki zao. Julai 2013 Kiir alimfuta kazi Machar. Tarehe 15 Desemba 2013 Juba iliwaka.

Vita hivyo, kwa makadirio ya watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine yaliyotolewa mwaka 2018, vilisababisha vifo vya ziada takriban 383,000 kufikia Aprili 2018, karibu nusu yake kutokana na mapigano yenyewe. Huo ndio uzito wa jambo tunalolizungumzia.

Baada ya mapatano ya 2015 kuungulia ikulu, dawa ileile ilichemshwa tena kwa kipimo kikubwa zaidi. Omar al-Bashir wa Sudan na Yoweri Museveni wa Uganda waliwakutanisha mahasimu, kila mmoja akiwa na maslahi yake: Khartoum ilihitaji ada za bomba la mafuta, na Uganda ilikuwa imekwisha kupeleka askari wake Juba mwaka 2013 kumlinda Kiir. Mapatano mapya yalitiwa saini Addis Ababa tarehe 12 Septemba 2018. Mgawo wake unasomeka kama karatasi ya mirathi. Makamu wa rais ni watano. Mawaziri ni 35: serikali 20, kundi la Machar 9, muungano wa SSOA 3, waliowahi kuwa mahabusu wa kisiasa 2, vyama vingine 1. Wabunge ni 550: 332, 128, 50, 10 na 30 kwa mpangilio huohuo. Nchi yenye barabara chache za lami ilipata bunge kubwa kuliko la Tanzania.

Ndani ya mapatano hayo mlikuwamo pia sura ya haki. Iliahidi tume ya ukweli, mamlaka ya fidia, na mahakama maalumu ya kuwashitaki waliotenda makosa makubwa ya kivita. Vyeo vilijazwa kuanzia Februari 2020. Hadi mwisho wa mwaka 2025 mahakama hiyo ilikuwa haijaundwa. Uchaguzi uliahirishwa Agosti 2022, ukaahirishwa tena Septemba 2024, ukapangiwa tarehe 22 Desemba 2026. Machi 2025, baada ya mapigano ya mji wa Nasir, Machar aliwekwa kizuizini nyumbani kwake Juba, na Septemba mwaka huo akafunguliwa mashtaka ya uhaini na mauaji, mashtaka ambayo upande wake unayakana. Wale wawili waliokuwa ndani ya J1 mwaka 2016, mmoja sasa ni rais na mwingine ni mshitakiwa, na amani iliyofungwa kwa majina yao imebaki ikining'inia.

Mtetezi wa njia hii ana hoja, na haki yake isikilizwe. Atasema kwamba mapatano ya 2018 yalipunguza mapigano kati ya majeshi makubwa, yakawarudisha baadhi ya watu makwao na kuwapa watoto miaka kadhaa ya darasa. Ni kweli. Atasema pia kwamba huwezi kusimamisha vita bila kuzungumza na wanaopigana. Hilo nalo ni kweli, na Rochau angelikubali bila kusita. Asichoweza kusema ni kwamba njia hii imefaulu kwa kipimo chake yenyewe. Iliahidi utulivu kwa kuahirisha haki. Haki imeahirishwa kila mara kama ilivyoahidiwa, na utulivu umevunjika 2013, 2016 na 2025. Fundi anayejenga ukuta uleule ukaanguka mara tatu hana ruhusa ya kuwaita wengine waota ndoto.

Kasoro iko kwenye orodha. Ni nani wanaohesabiwa kuwa nguvu? Kuna ushahidi, kutoka ardhi hiyohiyo, kwamba orodha ndefu inawezekana na inafanya kazi.

Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 1999, katika kijiji cha Wunlit, Bahr el Ghazal, Baraza la Makanisa la Sudan Mpya liliwakutanisha Wadinka na Wanuer wa magharibi ya Nile. Tangu Machar alipojitenga na kiongozi wa SPLA, John Garang, mwaka 1991, mpaka wa jamii hizo ulikuwa wa kuchinjana, kuiba ng'ombe na kuteka wanawake na watoto. Walikuja machifu, wazee wa kimila, wanawake, wachungaji na vijana wa kambi za ng'ombe, zaidi ya watu elfu moja. Fahali mweupe alichinjwa kuwa kiapo. Kisha, kwa siku kadhaa, kila upande ulisimama ukasema machungu yake hadharani, jina la mto kwa jina la mto, ng'ombe kwa ng'ombe, na upande wa pili ukasikiliza na kujibu. Mwishoni walikubaliana kufungua malisho na visima, kurudisha waliotekwa na kuacha kulipizana. Mpaka ukatulia, watu wakavuka tena na mifugo yao. Januari 2002 Garang na Machar walipopatana Nairobi, walikuta umma umewatangulia.

Katika Wunlit hakukuwa na mgawo wa mawaziri. Waliokutana pale walijua kwa usahihi nguvu za kwao zimekaa wapi: kwa mchungaji wa ng'ombe mwenye bunduki, ambaye hamsikii waziri lakini anamsikia mganga wa kiapo, mama yake na chifu wake. Kwa maana ya Rochau, mkutano wa Wunlit ulikuwa wa kihalisia kuliko hoteli zote za Addis Ababa.

Majirani nao wana la kufundisha. Kenya ilipokaribia kuteketea baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kofi Annan aliwaketisha mahasimu Mwai Kibaki na Raila Odinga, na tarehe 28 Februari 2008 ikazaliwa serikali ambayo Wakenya waliiita ya nusu mkate. Jina hilo la mtaani lilitambua kwamba wakubwa wanagawana chakula. Lakini Kenya haikukomea mezani. Tarehe 4 Agosti 2010 raia walipiga kura ya katiba mpya na kuipitisha kwa takriban asilimia 67. Siku nne kabla, tarehe 31 Julai 2010, Wazanzibari walipiga kura kuamua kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, baada ya Rais wao Amani Abeid Karume na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, kukutana Novemba 2009. Asilimia 66.4 walisema ndiyo. Miafaka iliyotangulia Zanzibar, ya 1999 na 2001, ilikuwa ya vyama tu, na yote ilikwama. Nchi hizo mbili bado zina matatizo yao, na uchaguzi wa Zanzibar wa 2015 uliofutwa ni ushahidi tosha. Hata hivyo makubaliano yaliyopita mikononi mwa wananchi yaliacha sheria ndani ya katiba, na yale ya wakubwa watupu yaliacha saini.

Hapa Kiswahili kinaweza kulisaidia neno la Kijerumani kurudi kwenye heshima yake. Halisi ni neno letu kutoka Kiarabu, na asili yake ni kitu safi, kisichochanganywa. Asali halisi haina maji. Na tunaposema "hali halisi" tunamaanisha maisha yenyewe yalivyo: bei ya unga, mshahara uliochelewa, zahanati isiyo na dawa. Mwaka 2024 vita vya Sudan vilipoharibu bomba la mafuta, watumishi wa umma wa Juba, walimu na wauguzi wakiwemo, walifanya kazi miezi mingi bila malipo. Hiyo ndiyo hali halisi ya Juba. Siasa inayoiacha nje hiyo na kushughulika na idadi ya manaibu waziri haistahili kuitwa ya uhalisia kwa Kiswahili. Tuna neno lake, ubabe, na hata Wajerumani wana neno lao la pekee kwa siasa ya mabavu, Machtpolitik. Waandishi na wafasiri wasiyachanganye.

Mwaka 2016, mwaka uleule wa risasi za J1, wasanii vijana wa Sudan Kusini walianzisha harakati waliyoipa jina la Kiarabu cha Juba: Ana Taban. Maana yake ni "nimechoka". Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani, kwa kuwa neno hilo limo katika "hoi taabani" ya kila siku. Wachoraji wake walichora kwenye kuta za mji, wanamuziki wakaimba mitaani, wachekeshaji na waigizaji wakacheza sokoni. Desemba 2017 wanawake waliandamana Juba kimya, wengine wamejifunga midomo, wakidai vita vikome. Hawa hawana kikosi wala kisima cha mafuta. Rochau angewaandika kwenye orodha yake bila wasiwasi, kwa sababu uchovu wa watu wengi ukiwa na sauti moja ni nguvu ya kisiasa, na ndiyo nguvu ambayo kila meza ya Juba imeipa viti vichache zaidi.

Wapatanishi wa jumuiya ya kikanda ya IGAD, wa Umoja wa Afrika na wa nchi jirani watakaporudi Juba na karatasi mpya, na dalili zote zinaonyesha watarudi, wahesabu upya kabla ya kusema neno uhalisia. Waanze na jambo hili moja. Tangu Januari 2011 hadi mwisho wa mwaka 2025, raia wa Sudan Kusini hawakuitwa hata mara moja kupiga kura ya kitaifa, si ya rais, si ya bunge, si ya katiba, si ya mapatano yoyote kati ya yale yaliyotiwa saini kwa jina lao.